Harufu ya Kisu cha Issenye

Mwanangu Bhoke,

Mambo ya safari sitayaandika. Mama yako amekwisha kukueleza habari za sanduku na blanketi, dawa ya homa, na namna ya kufunga kitambaa kichwani ili vumbi la lori lisikuingie masikioni, na katika hayo yeye ni mwalimu kunishinda mimi. Nimekuja kukaa peke yangu katika darasa la nne, mchana huu wa likizo, kwa sababu kule nyumbani bibi yako amekaa kibarazani anachambua maharage, na neno ninalotaka kukuandikia siwezi kuliandika huku nikimwangalia usoni.

Kesho utapanda lori la Musoma pamoja na rafiki yako Nyamisi. Mtakaa bweni moja katika chuo cha ualimu kwa miaka miwili. Katika miaka hiyo itafika siku, labda mnafua nguo, labda mmoja wenu anaumwa na mwenzake amemkalia karibu, ambapo Nyamisi atakusimulia jinsi babu yake, mzee Makuru, alivyofungwa kwa sababu ya kisu, na jinsi kijana mmoja msomi alivyosimama mbele ya baraza la Issenye, akakinusa kisu kile, na watu wakacheka. Kijana yule ni mimi. Nataka ulipate jambo hili kutoka mkononi mwangu kabla hujalipata kinywani mwake. Ukiisha kulisoma utaamua mwenyewe kama bado unaye baba wa kumwandikia barua. Uamuzi huo sitakutungia.

Tangu Pasaka huniambii neno zaidi ya shikamoo. Unainama kidogo, unasema shikamoo Baba, unapita. Sababu yake naijua. Ulimleta Nyamisi nyumbani, msichana mwenye adabu kuliko wengi ninaowafundisha, na bibi yako akampa uji katika kibuyu kile cha zamani kilichokuwa kimetupwa nyuma ya jiko, wakati sisi wengine tulikunywa katika vikombe. Nyamisi alikunywa akashukuru. Alipokwisha kuondoka, bibi yako alikibana kile kibuyu kwa vijiti viwili, kama mtu anayeokota panya aliyekufa, akakitia motoni. Ndipo ulipokuja ukaniuliza kwa sauti ya chini, mbele ya mama yako: "Baba, si wewe uliyesema pale sokoni Jumamosi kwamba hakuna binadamu aliyezaliwa mchafu?"

Nami nilikujibu nini? Nilikujibu kwamba usimkosee bibi yako heshima. Miaka ishirini ya hotuba, Bhoke, miaka ishirini ya kupiga meza na kunyoosha kidole mbinguni, na mtoto wangu aliponiuliza swali moja nilijificha nyuma ya nguo za mwanamke mzee.

Lakini kuna jambo ambalo siku ile hukuliona. Nyamisi alipokuwa akingojea uji, alisimama ukutani akakitazama kile kisu kilichokuwa kimetundikwa karibu na kalenda, kile ulichokizoea tangu utotoni hata huoni tena kama kipo. Alisoma kikaratasi kilichofungwa kwenye mpini. Kimeandikwa kwa mwandiko wangu mwenyewe, wino umefifia: Kisu cha mturi, Issenye. Akageuka akaketi, akaweka mikono yake katikati ya magoti. Mimi nilimwona, nikajisemea kwamba labda hakuelewa. Uongo wa namna hiyo mtu hujiambia haraka sana, kabla hajapata nafasi ya kujikamata.

Waturi unawajua: ndio wahunzi wetu, wao na wake zao wafinyanzi. Majembe yao tulilimia, mikuki yao tulilindia ng'ombe, vyungu vyao tulipikia. Mkono uliovitengeneza vitu hivyo hatukuushika. Hawakuoa kwetu wala sisi kwao, hatukukalia vigoda vyao, na chakula chao kilikuwa haramu kwetu kuliko nyama ya fisi. Nikiwa na umri wa miaka sita hivi, huko kwetu milima ya Tarime, nilipewa kiazi cha kuchoma na mtoto wa mhunzi aliyekuwa amepita kuuza majembe. Kilikuwa kiazi kitamu. Mama yangu aliponiona alinishika shingo, akanitia kidole kooni, akakizungusha mpaka kiazi kikatoka, na machozi, na kamasi, na damu kidogo, maana kucha yake ilinikwaruza. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, kama ambavyo mama yako angekuwa na hofu kama ungekunywa mafuta ya taa. Tangu siku ile nikisikia harufu ya mkaa na chuma cha moto koo langu hujifunga lenyewe. Hivyo ndivyo kinyaa kinavyopandwa. Hakipandwi kwa hoja, ndiyo maana hakiondoki kwa hoja.

Miaka mitatu baadaye nilipelekwa shule ya bweni, na nyumbani sikuishi tena ila likizo. Liweke hili moyoni, kwa maana kosa langu lote limesimama hapa: kinyaa nilikwenda nacho shuleni, bali desturi iliyokizunguka, jinsi wakubwa walivyokuwa wakiishi nacho kila siku, sikupata muda wa kuiona.

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kule Kampala nilikuwa moto mtupu. Katika majadiliano ya wanafunzi nilisimama juu ya kiti, nikawaita watawala wezi na machifu vibaraka, nikasema sisi tuliosoma ndio sauti ya wale wasiokuwa na sauti. Nilikuwa na tai moja nyekundu na maneno mengi. Wenzangu walinibeba mabegani mara mbili. Nakuambia bila kujisifu, kwa kuwa leo nikiikumbuka sauti yangu ya siku zile naona haya: nilikuwa nikilipenda neno lolote lililowafanya watu wapige makofi, wala sikuliuliza lilikotoka.

Likizo ya mwaka wangu wa pili, wewe ukiwa bado hujazaliwa, nilikwenda Issenye kumtembelea mjomba wangu. Nikakuta baraza limekaa. Fahali wa mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi alikuwa ameibwa, akachinjwa porini, na wezi walikimbia kabla hawajamaliza kumchuna. Karibu na mzoga kilibaki kisu. Hakuna aliyekitambua. Kilipitishwa mikononi mwa wazee wote, na kila mmoja alikigeuza, akatikisa kichwa, akampa wa pili. Bwana Shauri wa wilaya alikuwapo siku ile, Mzungu aliyependa kukusanya visu na mikuki na kuvifunga vikaratasi kwa ajili ya kabati lake. Naye alitaka kujua kisu kile ni cha kabila gani, kimefuliwa na nani, kwa chuma gani. Mjomba wangu, aliyekuwa akijivunia tai yangu kuliko mimi mwenyewe, akasema kwa sauti: "Huyu hapa amesoma Kampala. Mpeni yeye."

Wakanipa.

Kilikuwa na urefu wa shubiri moja na nusu, kimefuliwa kutokana na jembe la zamani, la chuma kile chepesi chenye rangi ya maji ya mto. Mgongoni alama za nyundo zilionekana bado, mfululizo, kama nyayo za ndege kwenye tope. Makali yalikuwa yameliwa na jiwe la kunolea mpaka tumbo la kisu likaingia ndani. Mpini ulikuwa wa mti mgumu, umevalishwa ngozi ya mkia wa ng'ombe, ile inayovutwa ingali mbichi bila kushonwa, ikikauka inabana yenyewe. Ngozi ilikuwa nyeusi, inang'aa, na ilikuwa ikinuka. Sikujua chochote juu ya kisu chochote, Bhoke. Nilijua kusoma ramani na kuandika insha. Lakini watu zaidi ya mia walikuwa wakinitazama, na Mzungu alikuwa ametoa kalamu.

Nikauliza ni nani mhunzi wa karibu. Wakamleta Makuru. Alikuwa mtu mfupi, mnene wa mabega, mikono ina makovu ya cheche hadi viwikoni. Wazee walisogea ili asiwaguse alipopita. Nikamwonyesha kisu nikamwuliza kama anakijua. Akakitazama bila kukishika, akasema maneno machache kwa lugha yao, ambayo inasikilizana na yetu: "Nilikifua mimi. Si changu. Kinuseni."

Hayo tu.

Nami nilisikia kitu gani? Nilisikia mhunzi anakiri kwamba kazi ni yake, halafu anatufanyia dharau. Bwana Shauri akaniuliza amesemaje, nikamtafsiria huku nikicheka, na kicheko kikaenea. Nikakipeleka kisu puani. Uvundo ulinipanda hadi machoni: kitu kilichooza, chenye uchachu, kama maziwa yaliyosahaulika na kwato zilizoungua. Koo likajifunga. Na badala ya kujiuliza ni harufu ya nini, nilijiachilia. Nikakiinua kisu juu. Nikasema kwamba mshtakiwa mwenyewe ametupa ushahidi. Kwamba pua ya Mwafrika haihitaji mahakama ya Ulaya kutambua nyumba ambamo kitu kimelala. Kwamba harufu hii ni ya kibanda cha mkaa, ni ya mikono ile, ni ya mturi. Na kwamba mtu anaweza kuukana mdomo wake lakini hawezi kuukana uvundo wake. Nilisema robo saa nzima. Sentensi zilikuja zimejipanga, kila moja ikimshika mwenzake mkono. Watu wakapiga makofi. Wazee wale waliokuwa wamekigeuza kisu bila kusema neno, nao pia wakacheka, na baadhi yao, hili nimelikumbuka juzi tu, walicheka huku wakitazama chini.

Makuru alifungwa mwaka mmoja na nusu Musoma. Jioni ile ile vijana walikwenda kwake wakapasua mivukuto yake kwa mapanga na kulitupa mtoni jiwe lake la kufulia chuma. Mkewe alihama na watoto kwenda Mbalibali. Gerezani alipewa kazi ya kupasua kokoto, na jiwe likamponda vidole viwili vya mkono wa kulia, mkono wa nyundo.

Bwana Shauri alinipa kisu kiwe kumbukumbu, akaandika barua nzuri juu yangu. Barua ile ndiyo iliyonipatia kazi. Chaki ninayoishika, nyumba yenye bati uliyokulia, karo ya shule yako: vuta uzi wowote kati ya hivyo, utaishia Issenye, kwenye mwanafunzi mwenye tai nyekundu akinusa kisu. Nimejaribu majuma haya kutafuta uzi unaoishia mahali pengine. Sijaupata.

Sasa nikueleze jinsi nilivyojua, kwa kuwa sikujua kwa wema wala kwa kusoma.

Baada ya Pasaka, ukimya wako uliponichosha, niliwaza kukupatia kisu kile uende nacho. Usinicheke. Niliona nitaondoa kikaratasi, nitaweka ngozi mpya kwenye mpini, nitakupa ukatie mkate bwenini, na ukutani patakuwa peupe, na jambo lote litakuwa limekwisha bila mtu kusema neno. Hivyo ndivyo waoga wanavyofanya toba: kwa kutengeneza vitu. Nikakiloweka katika maji ya moto, nikaipasua ngozi ya zamani kwa wembe, nikaivua. Ndani yake, kuzunguka mzizi wa chuma na katika nyufa zote za mti, kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, kigumu kama nta, kilichoanza kuyeyuka. Uvundo ule ule ukaamka. Miaka ishirini, na haukuwa umepungua hata chembe. Nikalaani, nikakitupa kisu kwenye nyasi.

Bibi yako alikuwa kibarazani. Akainua pua tu, bila kuacha kuchambua maharage yake, akasema: "Samli hiyo. Samli ya kuoshea chuma."

Nikamwuliza kuosha chuma ni nini. Akanitazama kwa huruma, kama anavyokutazama wewe unapounguza ugali. Akanieleza kwamba zamani mtu akinunua kisu kwa mturi hakitumii vile vile. Anakwenda nacho nyumbani, anakipaka samli yote, chuma na mpini, anakiweka kwenye moshi, anakipaka tena, mpaka uchafu wa mikono ya mturi umetoka. Baada ya hapo ndipo anavalisha ngozi yake mwenyewe, na ndipo kisu kinaingia ndani ya nyumba. Baba yangu alifanya hivyo kwa kila kisu alichokuwa nacho. Hakuna mtu mwenye akili zake ambaye hakufanya. "Ila nyinyi mliochukuliwa na shule mkiwa wadogo," akasema, "mtayajulia wapi."

Nilikuwa nimechuchumaa, mikono ina mafuta. Nikamwuliza, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine: "Na mturi mwenyewe, Mama? Kisu chake yeye anakiosha?"

Bibi yako alicheka mpaka maharage yakamwagika kwenye ungo.

"Mturi ajioshe kutokana na nani?"

Kisha akasema nikilete kisu kama sikitaki, akatie majani ya maboga.

Nenda polepole hapa, mwanangu, kama nilivyolazimika kwenda mimi. Harufu ile niliyoiinua juu mbele ya watu zaidi ya mia nikaiita ya mturi, haikuwa yake. Ilikuwa yetu. Ilikuwa samli ya mtu aliyekinunua kisu, akaona kinyaa juu ya mikono iliyokifua, akakiosha, na kinyaa chake kikaoza mle ndani ya mpini kikangojea pua ya kukitambua. Kama kisu kingekuwa cha Makuru kingenuka chuma na jasho basi. Uvundo wenyewe ndio uliokuwa ushahidi kwamba kisu ni cha mmoja wa watu safi. Wazee wote pale walikuwa wameosha visu vyao na kuunusa uvundo huo majumbani mwao tangu ujana. Walijua kwamba mwizi ni mmoja wao, labda ndugu, labda mkwe, wakanyamaza, na wakapata kijana msomi wa kuwanyamazia kwa maneno mengi.

Na Makuru alisema. Nimelala na hili, nikaamka nalo: alisema. Alitupa neno moja lililotosha kumwokoa, nasi tukalichekelea. Sikuelewa ni kwa nini hakulifafanua, mpaka nilipofikiria upande wake. Kuosha chuma hufanywa nyuma ya mgongo wa mturi; mbele yake hakutajwi, hata na watu wasiokuwa na adabu nyingine yoyote. Ili ajieleze angelazimika kusimama katikati ya baraza na kusema kwa kinywa chake: mikono yangu ni uchafu kwenu, na hivi ndivyo mnavyojisafisha nami. Aliona bora tuinuse wenyewe. Alitudhania tuna haya.

Nilikwenda nyuma ya choo nikatapika. Safari hii hakuna aliyenitia kidole.

Unakwenda kuwa mwalimu, Bhoke, na utakuwa mwalimu mzuri wa kusema. Umerithi ulimi, nimekusikia ukibishana na mama yako. Sina amri ya kukupa. Naweza tu kukuambia kilichonipata: siku ambayo maneno yalinijia kwa urahisi kuliko siku zote za maisha yangu ndiyo siku niliyokuwa sijui ninachosema. Na kitu nilichokitoa nyumbani nikiwa na miaka tisa, nikakibeba shule zote, nikakipitisha chini ya vitabu vyote vya Kampala bila mtu kukikagua, kilikuwa ni lile koo. Wewe pia unaondoka nalo. Usiniambie huna. Nilikuona ulivyosita, nusu ya pumzi, Nyamisi aliponyoosha mkono kuchukua kijiko chako. Kisha ukampa, na kwa hilo wewe ni bora kuliko mimi. Lakini ulisita.

Juma lililopita nilipanda baiskeli nikaenda Mbalibali. Nilikuambieni nakwenda kukagua shule. Nilimkuta Makuru nje ya kibanda chake anafua kengele ya ng'ombe, nyundo iko mkono wa kushoto. Ni mzee sasa, kifua kinamkoroma. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaendelea na kazi hadi chuma kilipopoa, ndipo akaniambia niketi, akanionyesha jiwe, si kigoda. Alikuwa amenitambua tangu nikiwa njiani. Alisema mwendo wangu haujabadilika, bado natembea kama mtu anayepigiwa ngoma.

Nikaomba maji. Mkwewe, mama yake Nyamisi, alimtazama mzee. "Usimpe," Makuru akasema. "Mwalimu ataona haya kukataa, atakunywa, halafu itambidi atafute kichaka kabla hajafika Mugumu. Tunamwongezea kazi tu." Mama yule akaficha kicheko. Nikasema nayataka. Yakaletwa ndani ya kata. Nikanywa, na nitakuambia ukweli kwa kuwa leo nimeapa: koo lilikataa. Nilijua yote niliyokuwa nimeyajua, nilikuwa nimekuja kwa magoti, na bado koo likajifunga kama la mtoto wa miaka sita, maji yakanirudi puani. Makuru alinitazama nikikohoa. Hakukasirika. Alinitazama kama fundi anavyotazama chuma cha mtu mwingine.

Nilipopata pumzi nikamweleza yote. Ngozi, samli, maneno ya bibi yako. Nilieleza kwa mpangilio mzuri, mwanzo, katikati na mwisho, mazoea hayaniachi. Akasikiliza hadi nilipomaliza.

"Kwa hiyo, Mwalimu, umekuja kuniambia kile nilichokuambia mimi."

Nikasema ndiyo.

Akaokota kengele yake, akaitikisa karibu na sikio, hakuridhika na mlio wake, akairudisha kwenye makaa. Nikamwambia naomba anisamehe. Nikamwambia niko tayari kusema neno lolote atakalotaka, hapo hapo, mbele ya watu wa nyumba yake. Akauliza yale ya siku ile niliyasemea wapi. Nikamwambia Issenye, barazani.

"Hapa ni Mbalibali," akasema.

Akaitoa kengele kwenye makaa, akaendelea kuifua.

Juma zima nimejitetea mbele ya sentensi ile. Nimesema kwamba wazee wengi wa siku zile wamekufa. Nimesema kwamba mimi ndiye watu wanayemtaka awasemee mambo ya uhuru, na kwamba adui zetu watafurahi wakisikia msemaji wetu alifunga mtu kwa uongo. Nimesema kwamba waliobaki wana ng'ombe, wana watoto, na hawatasahau nitakapowaambia machoni pao kwamba walijua. Nimesema bibi yako atakufa kwa aibu. Kila hoja ni nzuri. Zote nimezinusa, na zote zinanuka kitu kimoja.

Baraza la Issenye linakaa kesho saa tatu, na halitakaa tena mpaka mwezi ujao, na mwezi ujao najijua nitakuwa nimepata hoja nyingine. Kwa hiyo nitaondoka na baiskeli alfajiri, kabla hujaamka, na lori lako litakapopiga honi pale sokoni sitakuwapo. Mama yako nimemwambia. Alilia kidogo, kisha akanifungia viazi vya njiani. Bibi yako sijamwambia.

Nyamisi usimwombe radhi kwa niaba yangu. Usimpe barua hii ila akiitaka. Kisu kipo katika mfuko wangu wa baiskeli, bila ngozi, bila kikaratasi. Watakinusa tena wenye kutaka.

Maneno nitakayosema nimeyaandika hapa kwanza ili yawepo mahali ambapo siwezi kuyarembesha kesho:

Mimi ni Marwa. Nilisimama mahali hapa nikasema kisu hiki ni cha Makuru, na nilisema uongo. Kimepakwa samli. Mnajua wote ni watu gani wanaopaka samli, na mlijua siku ile.

Nimeyasoma kwa sauti mara tatu humu darasani, mbele ya madawati matupu. Hayana mahali popote pa mtu kupiga makofi. Kila mara nikifika mwisho sauti inanyanyuka yenyewe kutafuta sentensi ya tano, nami naishusha.

Baba yako,
Marwa